Uvumi wa Redio na Swali la Mwenye Mali

Katika miji mingi ya Marekani kuna mazungumzo ya aina moja ambayo hayaishi. Watu wapendao redio huulizana: Stesheni fulani itauzwa lini, na atainunua nani? Je, itaacha nyimbo za zamani na kuanza kupiga muziki wa vijana, au itageuzwa kuwa ya habari, ya michezo au ya mahubiri? Mtangazaji wa asubuhi hakusikika jana wala leo. Yuko likizo au amekwisha kufukuzwa? Kila mmoja ana dalili zake na utabiri wake, na ukitimia hujisifu kwamba alijua mapema.

Mtu anayetazama mambo juu juu atasema kwamba hii ni porojo ya watu wenye nafasi, na kwamba kada au mwanafunzi wa siasa hana sababu ya kupoteza muda juu yake. Sisi tunaona tofauti. Mazungumzo ya watu juu ya kitu wanachokipenda lakini hawana amri nacho ni jambo la kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake huonekana uhusiano ulivyo kati ya wenye mali na wasio nayo. Tena wenzetu wa Kiswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi huu mara nyingi ni kweli. Ubaya wake si uwongo. Ubaya wake ni swali analojifunza msikilizaji kuuliza, na swali analosahau.

Hoja ya makala haya basi ni hii: uvumi wa redio ni elimu ya mtu aliyenyimwa kauli, na kadiri anavyobobea katika elimu hiyo ndivyo anavyozoea kuitazama redio kwa macho ya mwenye stesheni badala ya macho yake mwenyewe.

BIASHARA YA MASIKIO

Kwanza tueleze biashara yenyewe inavyokwenda. Stesheni ya kibiashara ya Marekani huchagua mtindo mmoja wa vipindi na kuushika mchana na usiku. Moja hupiga muziki wa country, ya pili rock, ya tatu nyimbo za miaka ya nyuma, ya nne hutoa habari tupu, ya tano michezo. Mtindo huo hauchaguliwi kwa kupima mji unahitaji nini. Huchaguliwa ili kukusanya watu wa umri fulani, wa jinsia fulani na wa kipato fulani, ambao kampuni za sabuni, magari na bima zinawataka. Watafiti huwahesabu watu hao, na hesabu hiyo ndiyo inayopanga bei ya dakika moja ya tangazo.

Kwa hiyo msikilizaji akidhani kwamba yeye ndiye mteja wa stesheni, anakosea. Mteja ni yule anayelipa, yaani mtangaza biashara. Msikilizaji ni bidhaa. Na bidhaa haiulizwi kabla ya kuhamishwa kutoka rafu moja kwenda nyingine.

Hapa ndipo siri inapozaliwa. Mwenye stesheni akitangaza mapema kwamba atabadili mtindo, watangaza biashara watakimbia, mshindani ataliiba wazo lake, na watangazaji wanaokaribia kufukuzwa wanaweza kusema ukweli hewani. Basi huficha mpaka saa ya mwisho. Tarehe 3 Juni 2005, stesheni ya WCBS-FM ya New York, iliyokuwa ikipiga nyimbo za zamani tangu 1972, ilibadilishwa kwa siku moja tu. Watangazaji waliokaa katika masikio ya watu kwa miaka mingi hawakupewa nafasi ya kuaga. Mji ulilalamika sana, hesabu ya wasikilizaji ikashuka, na Julai 2007 mwenye stesheni akairudisha kwenye nyimbo za zamani. Wapo waliosema kwamba huo ulikuwa ushindi wa umma. Lakini kilichomrudisha mwenye stesheni ni hesabu yake ya fedha. Kama hesabu ingekuwa nzuri, malalamiko yale yangebaki malalamiko.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: watabiri wa redio ni watu makini. Hufuatilia maombi ya kuhamisha leseni, huandika orodha ya nyimbo zilizoachwa kimya kimya, hujua nani ameachishwa kazi na mnara gani umeuzwa. Wengi wana maarifa makubwa kuliko wakurugenzi wa kampuni hizo. Lakini maarifa hayo hawayatumii kwa jambo lolote isipokuwa kutabiri. Chini ya sheria ya Marekani, stesheni ikiuzwa, uhamisho wa leseni lazima ukubaliwe na Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, nao umma hupewa siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Kubadili mtindo wa vipindi hakuhitaji kibali cha mtu yeyote. Mtabiri hodari huzijua siku hizo 30 kwa tarehe, lakini huzitumia kubashiri dili itakamilika lini.

JINSI MSIKILIZAJI ALIVYOTOLEWA MLANGONI

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Uko wakati ambapo wasikilizaji wa Marekani waliacha kukisia, wakajiunga, wakaenda mahakamani. Historia hii inapaswa kujulikana na kila anayesoma habari za vyombo vya umma.

Mwaka 1966 mahakama ya rufani ya Washington iliamua kwamba raia wa kawaida anaweza kusikilizwa katika shauri la leseni ya utangazaji. Shauri hilo lilihusu stesheni ya televisheni ya WLBT ya Jackson, Mississippi, iliyowabagua watu weusi katika mji ambao sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa weusi. Kabla ya hapo, aliyeruhusiwa kusema mbele ya Tume ni yule tu aliyeonyesha kwamba mfuko wake umeguswa. Mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo iliagiza leseni ile isiendelee kuwa mikononi mwa wamiliki wale. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, katika shauri la Red Lion, ilisema kwamba haki ya wasikilizaji na watazamaji ndiyo kubwa, si haki ya mwenye leseni.

Mlango ulipofunguka hivyo, wasikilizaji wa redio nao wakaingia. Mwaka 1970 wakazi wa Atlanta walishinda rufani juu ya stesheni ya muziki wa kiklasiki iliyotaka kubadilishwa. Mwaka 1974 kamati ya wakazi wa Chicago ilishinda katika shauri la WEFM, ambayo ilikuwa mali ya kampuni ya Zenith na ilikuwa ikiuzwa kwa mnunuzi aliyetaka kupiga rock. Mahakama iliamua kwamba mtindo wa pekee ukiwa unapotea mjini, na wananchi wengi wakanung'unika, Tume haina budi kusikiliza hoja zao kabla ya kuruhusu mauzo.

Novemba 1974 ikafika zamu ya New York. Stesheni ya WNCN, mali ya kampuni ya Starr Broadcasting, iliacha muziki wa kiklasiki na kuwa ya rock kwa jina la WQIV. Wasikilizaji waliunda chama chao, wakachanga fedha, wakaweka mawakili, wakaipinga leseni. Mwaka 1975 kampuni nyingine, GAF, iliinunua stesheni na kurudisha muziki wa kiklasiki. Chama kile hakikuridhika na ukarimu wa mnunuzi mmoja. Kiliendelea kudai kwamba kusikilizwa ni haki.

Na hapo ndipo wenye mali, pamoja na Tume yenyewe, waliposimama imara. Mwaka 1976 Tume ilitangaza kwamba haitaingilia tena mtindo wa vipindi, na kwamba soko litaamua. Mahakama ya rufani iliikataa sera hiyo mwaka 1979. Lakini Machi 1981 Mahakama ya Juu kabisa, kwa kura saba dhidi ya mbili, iliikubali. Jaji Thurgood Marshall, akiungwa mkono na Jaji William Brennan, alipinga. Tangu siku hiyo msikilizaji wa Marekani anayesema, "Mnatuondolea kitu ambacho mji huu hauna kingine kama hicho," hana mahali pa kulipeleka neno hilo.

Desemba 1993 GAF yenyewe iliigeuza WNCN kuwa stesheni ya rock. Hapakuwa na shauri. Masafa yale, 104.3, leo yamo mikononi mwa iHeartMedia, kampuni yenye stesheni nyingi kuliko zote nchini Marekani.

Tunapenda msomaji aone mfuatano huo. Uvumi ulikuwapo tangu zamani, lakini wakati msikilizaji alikuwa na mahali pa kudai, uvumi ulikuwa hatua ya kwanza ya kujipanga: mtu alisikia kwamba stesheni itauzwa, akawaita wenzake, wakaandika pingamizi. Mahali pa kudai palipofungwa, hatua ya kwanza ikawa ndiyo ya mwisho.

UMILIKI ULIVYOKUSANYWA

Baada ya kumtoa msikilizaji, sheria ilimfungulia mwenye mtaji mlango wa pili. Kwa miaka mingi mtu mmoja au kampuni moja haikuruhusiwa kuwa na stesheni zaidi ya 14 katika nchi nzima, 7 za AM na 7 za FM. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kiwango hicho kilipandishwa kidogo kidogo mpaka kufikia 40 mwaka 1994. Tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Mawasiliano, na kikomo cha nchi nzima kikafutwa kabisa. Katika miji mikubwa kampuni moja iliruhusiwa kumiliki hadi stesheni 8.

Kilichofuata kilikuwa kama mnada. Kampuni ya Clear Channel, iliyokuwa na stesheni zipatazo 40 sheria ilipopitishwa, ilikuwa na zaidi ya 1,200 katika muda wa miaka michache tu. Mwaka 2008 kampuni hiyo nayo ilinunuliwa na makampuni mawili ya uwekezaji, Bain Capital na Thomas H. Lee, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mkopo. Na mkopo huo haukubaki shingoni mwa wanunuzi. Uliwekwa juu ya kampuni iliyonunuliwa. Kwa maneno mengine, stesheni zilitakiwa kulipa gharama ya kununuliwa kwao. Mwaka 2014 jina likabadilishwa kuwa iHeartMedia. Machi 2018 kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya mufilisi ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Cumulus, kampuni nyingine kubwa, ilikuwa imekwisha kufanya hivyo Novemba 2017. Ya tatu, Audacy, ilifuata Januari 2024. Na Agosti mwaka huo stesheni yake ya WCBS 880 ya New York, iliyotoa habari mfululizo tangu 1967, ilinyamazishwa na masafa yake yakakabidhiwa kwa vipindi vya michezo.

Deni la namna hii hulipwa na nani? Hulipwa kwanza na wafanyakazi wa redio. Mtangazaji wa mji mdogo huachishwa kazi, na mahali pake huwekwa sauti iliyorekodiwa na mtu aliye maelfu ya kilomita kutoka pale, ambaye huambiwa tu jina la barabara kuu na hali ya hewa. Januari 2020 iHeartMedia iliachisha kazi mamia ya watu kwa mpigo mmoja. Miaka michache kabla ya hapo, Oktoba 2017, Tume ilikuwa imefuta kanuni ya karibu miaka 80 iliyoilazimisha kila stesheni kuwa na studio yake kuu ndani au karibu na mji inaouhudumia. Hivyo stesheni inaweza kubaki na jina la mji, namba ya mji na mnara wa mji, bila ya kuwa na mtu hata mmoja mjini.

Athari zake hazihusu muziki peke yake. Usiku wa tarehe 18 Januari 2002, karibu na mji wa Minot, North Dakota, mabehewa 31 ya treni yaliacha reli na gesi ya amonia ikaenea juu ya nyumba za watu. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia. Stesheni sita za kibiashara za mji ule zilikuwa za kampuni moja, Clear Channel. Polisi walipiga simu kwenye stesheni iliyopangwa kutoa tahadhari na hawakumpata mtu. Kampuni ilijitetea kwamba mfanyakazi alikuwapo, na kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mtambo wa tahadhari. Hatutaki kumbebesha upande mmoja lawama yote. Lakini hata tukiukubali utetezi huo wote, swali linabaki: watu wa Minot waliofungua redio usiku ule walikuwa na stesheni sita za kuchagua, na zote zilikuwa za bwana mmoja. Uwingi wa stesheni haukuwa uwingi wa sauti.

GHADHABU ILIYOKOSA SHABAHA

Mtu anaweza kusema kwamba wasikilizaji hawakisii tu, hukasirika pia. Ni kweli. Lakini hasira isiyojua mwenye kosa huenda kumpiga asiyehusika. Mfano wake mkubwa ni wa Chicago.

Mwishoni mwa 1978 stesheni ya WDAI, mali ya shirika la ABC, iliacha rock na kuwa ya disko. Mtangazaji wake, Steve Dahl, alipoteza kazi. Aliyeamua ni mwenye stesheni, kwa sababu za faida. Lakini Dahl alipopata kazi katika stesheni nyingine, WLUP, vita aliyoitangaza haikuwa juu ya mwenye stesheni. Ilikuwa juu ya disko. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, watu waliitwa waje na sahani za disko wakalipe senti 98 tu mlangoni. Walijaa watu wapatao 50,000, sahani zikalipuliwa kati ya michezo miwili, maelfu wakavamia uwanja, na timu ya nyumbani, White Sox, ikapoteza mchezo wa pili bila ya kuucheza.

Tuuchambue usiku ule. Muziki ulioteketezwa ulikuwa umelelewa na watu weusi, Walatino na mashoga wa mijini, watu ambao hawakuwa na stesheni ya kubadili wala ya kuuza. Hawakumfukuza mtu kazi. Shirika la ABC halikuguswa. Na hafla yenyewe iliandaliwa kwa ushirikiano na stesheni ya WLUP, ambayo jina lake lilivuma kwa ajili hiyo. Yaani hasira ya wasikilizaji walioondolewa stesheni na tajiri mmoja ilivunwa na tajiri wa pili. Na mwaka 1980 WDAI ikaiacha disko pia, kwa sababu ile ile iliyoifanya iiingize.

Hadithi haikuishia hapo. Machi 2018, Cumulus ikiwa katika kesi ya mufilisi, WLUP yenyewe iliuzwa kwa dola milioni 21.5 kwa shirika la Educational Media Foundation, linalorusha muziki wa Kikristo nchi nzima kutoka mahali pamoja. Hatusemi neno juu ya dini ya mtu. Tunachosema ni kwamba wapenzi wa rock wa Chicago, waliodhani mwaka 1979 kwamba wameshinda, walikuwa wameshinda muziki. Hawakuwahi kuigusa hati ya umiliki.

KINYWA CHA NANI?

Sasa turudi kwenye uvumi, tuisikilize lugha yake. Mtabiri akizungumza juu ya stesheni iliyo hatarini, husema: "Masafa yale ni mali nzuri, yatapata bei." Husema: "Wasikilizaji wake wamezeeka, hawana faida." Husema: "Kampuni ile inahitaji fedha, lazima iuze." Husema: "Ningekuwa mimi, ningeweka michezo pale." Je, anayesema hivyo ni nani? Kwa hali yake ni karani, dereva au mzee aliyestaafu. Hana hisa hata moja. Lakini kwa lugha yake ni mkurugenzi. "Wasikilizaji waliozeeka" anaowadharau ni yeye na mke wake.

Huu ndio ushindi mkubwa wa mwenye mali. Nguvu ya kuuza stesheni anayo kwa sheria. Nguvu ya kumfanya msikilizaji aone kwamba mauzo hayo ni kama mvua na jua, jambo la kutabiriwa na si la kuamuliwa, anaipata bure kutoka kwa msikilizaji mwenyewe. Katika masomo yetu tumezoea kusema kwamba fikra zinazotawala ni fikra za tabaka linalotawala. Hapa wanafunzi wanaweza kuliona jambo hilo katika mazungumzo ya kila siku bila ya kutafuta mifano ya mbali.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu.

Ya kwanza: redio ya Marekani inapata hasara kwa sababu watu wamehamia kwenye intaneti na simu, na mwenye mali afanye nini? Hatukatai kwamba wasikilizaji na matangazo ya biashara vimehama. Lakini deni la dola bilioni 20 halikuletwa na simu. Mzigo wake mkubwa uliletwa na mikopo ya kununuana. Stesheni ndogo isiyo na deni huweza kuishi kwa mapato ambayo yangeiua stesheni inayolipa riba ya bwana wa mbali.

Ya pili ni nzito zaidi: kama si soko, nani aamue muziki upigwe? Je, tunataka ofisa wa serikali awe anachagua nyimbo? Hapana. Wala wasikilizaji wa WNCN hawakudai hivyo. Walidai kusikilizwa kabla ya uamuzi. Na hapa tunataka tuwe wakweli kwa wasomaji wetu: kuiweka redio mikononi mwa dola hakumpi msikilizaji kauli, kama dola nayo inaamua ofisini na kumtangazia asubuhi. Mwenye mali akibadilika, lakini msikilizaji akabaki kukisia, basi hali ya msikilizaji haikubadilika.

Jibu la vitendo lipo huko huko Marekani, ingawa ni dogo. Januari 2000 Tume ilianzisha leseni za stesheni ndogo zisizo za faida, zenye nguvu isiyozidi wati 100. Wenye stesheni kubwa walizipinga, na mwishoni mwa mwaka huo Bunge likazibana. Watu waliendelea kudai kwa miaka 10, mpaka sheria ya kuzipanua ikatiwa saini Januari 2011. Katika mji wa Immokalee, Florida, vibarua wa mashamba ya nyanya, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala na Haiti, wanayo stesheni ya namna hiyo tangu 2003. Inaitwa Radio Conciencia na huendeshwa na chama chao. Humo husemwa habari za mshahara, za haki kazini na za dhoruba zinazokuja, katika lugha ambazo stesheni kubwa hazizijui. Juu ya stesheni hiyo watu hawavumishi nani atainunua. Anayetaka kujua itafanya nini kesho huenda mkutanoni.

FUNZO KWETU

Tanzania iliruhusu watu binafsi kumiliki redio kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, na tangu hapo stesheni zimekuwa nyingi. Hatusemi kwamba yaliyowapata Wamarekani lazima yatupate sisi. Hali za nchi hazifanani. Lakini mahali popote redio inapoweza kuuzwa, uvumi utakuwapo, na kada hawezi kuukwepa kwa kuudharau.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika vikundi vya masomo, uvumi wa namna hii uchukuliwe kama mahali pa kuanzia. Ukisikika kwamba stesheni fulani itabadilishwa au itauzwa, wanakikundi wasiishie kwenye swali la "nani atanunua?" Waulize maswali manne. Leseni ile ni ya nani, na sheria inampa msikilizaji siku ngapi na mlango gani wa kusema? Stesheni inadaiwa kiasi gani, na deni hilo lilitokana na nini? Wafanyakazi wake ni wangapi, na wangapi wanaishi katika mji wanaoutangazia? Na usiku wa mafuriko au wa moto, nani atapokea simu?

Anayeweza kuyajibu maswali hayo manne, na akawa na wenzake kumi waliokwisha kuyajibu, ana cha kuwasilisha kabla siku za pingamizi hazijaisha. Mwaka 1974 wasikilizaji wa New York nao walianza kwa kujiunga.